Buni, Kahawa na Chai: Majina ya Vinywaji na Nyakati za Mlo

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza historia ya maneno machache ambayo sote huyatamka kila siku bila ya kuyafikiria: buni, kahawa, mkahawa, chai, futari na kifungua kinywa. Sababu iliyonisukuma kuyaandika ni ndogo. Katika mkutano mmoja wa watumishi wa serikali, ratiba ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza, na mahali pa saa 4:30 asubuhi paliandikwa "Mapumziko ya kahawa". Wajumbe walipotoka nje walikuta chai ya maziwa, maandazi, mayai na mihogo ya kuchemsha. Kahawa haikuwapo kabisa. Mzee mmoja, ambaye daktari alikuwa amemkataza kahawa, alibaki ukumbini peke yake, na dawa zake za kumeza baada ya chakula zikabaki mfukoni hadi saa 8 mchana. Alipoelezwa kilichokuwako nje alijibu: "Mngeandika chai, wanangu, ningejua kuwa ni chakula."

Mfasiri wa ratiba ile hakukosea kamusi. Alichokosea ni desturi, na katika istilahi za vyakula na vinywaji desturi ndiyo inayolipa neno maana yake.

Tuanze na buni. Katika Kiswahili cha pwani mti huitwa mbuni, punje zake huitwa buni, na kinywaji kinachopatikana baada ya punje hizo kukaangwa, kutwangwa na kuchemshwa huitwa kahawa. Mgawanyo huu unalingana na ule wa Kiarabu, ambacho kina "bunn" kwa punje na "qahwa" kwa kinywaji. Nchini Ethiopia, ambako ndiko asili ya kahawa ya arabika, Waamhara hutosheka na neno moja, "buna", kwa yote. Wako wanaodai kwamba neno kahawa limetokana na jina la Kaffa, jimbo la kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Dai hilo linavutia, lakini halina nguvu, kwani washairi wa Kiarabu walilitumia neno "qahwa" kwa maana ya mvinyo kabla ya kinywaji hiki kujulikana kwao. Yaelekea jina la kileo lilihamishiwa kwenye kinywaji kipya ambacho masufi wa Yemen, katika karne ya 15, walikinywa ili wakeshe katika dhikri. Haishangazi basi kwamba mwaka 1511 huko Makka kahawa ilipigwa marufuku kwa muda, na wanazuoni wakabishana iwapo ni halali au haramu. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kuitia kinywaji hicho shakani.

Si kila aliyeijua buni aliijua kahawa. Wahaya wa Kagera, na Waganda majirani zao, waliutumia mti wa robusta kwa karne nyingi pasipo kunywa chochote kilichotokana nao. Matunda yake yalichumwa mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa punje chache za kutafuna, na desturi hiyo haijatoweka. Katika undugu wa kuchanjiana, punje mbili za tunda moja zilipakwa damu, kila mmoja akaimeza ya mwenziwe. Mtu aandikaye katika kitabu cha shule kwamba "Wahaya walianza kutumia kahawa walipofika Wazungu" anakuwa ameghafilika na maana ya kitenzi "kutumia". Kilichokuja na utawala wa kikoloni ni kahawa kama zao la kuuza nje, na huko Kilimanjaro, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda arabika mwishoni mwa karne ya 19, mti wenyewe ulikuwa mgeni.

Biashara hiyo ndiyo iliyotuvurugia mgawanyo wa zamani. Leo twasema "kulima kahawa", "kuchuma kahawa" na "bei ya kahawa", na neno buni limerudi nyuma. Nchini Kenya limefikwa na jambo la ajabu zaidi: katika soko la kahawa, "mbuni" si mti tena, bali ni daraja la kahawa iliyokaushwa na maganda yake bila ya kuoshwa, ambayo aghalabu ni ya bei ya chini. Mkulima wa Nyeri na mvuvi wa Lamu wanaweza kulitamka neno hilo hilo, mmoja akawa anazungumzia hasara na mwingine mti. (Tusisahau kwamba mbuni ni ndege pia, na kwamba mwenye kubuni naye huitwa mbuni, mwalimu anayetaka kufundisha vitawe hana haja ya kwenda mbali.) Kwa maoni yangu, afisa anayetayarisha kanuni au mkataba afafanue tangu ibara ya kwanza iwapo anakusudia mti, tunda, punje mbichi au unga uliokaangwa. Kodi na ushuru havitozwi kwa kubahatisha.

Sasa tutazame saa za kinywaji hiki, maana hapo ndipo nchi zinapoachana. Nchini Oman kahawa huambatana na mgeni zaidi kuliko saa. Ni nyepesi, imetiwa hiliki, humiminwa kidogo tu katika finjani isiyo na mkono, na huliwa kwa tende. Aliyetosheka huitikisa finjani, na asipoitikisa ataongezewa. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha desturi hiyo ya Oman na majirani zake watatu wa Ghuba miongoni mwa turathi za binadamu. Jamaa za Muscat zilizo na ndugu Zanzibar na Mombasa zaifahamu vyema, ingawa pwani yetu imeibadilisha: kwetu kahawa ni chungu, mara nyingi ina tangawizi, huchemshwa katika dele juu ya makaa, na huuzwa barazani alasiri na baada ya Isha kwa kashata au halua. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake ili asikike, na hahitaji kunadi. Nchini Ethiopia kikao kimoja kina mikupuo mitatu kutoka maji ya buna ile ile, na kila mkupuo una jina: "abol", "tona" na "baraka". La tatu halihitaji mfasiri.

Waturuki nao wametuachia ushahidi katika jina la chakula. Mlo wao wa asubuhi huitwa "kahvaltı", maana yake kile kinachotangulia kahawa, kwa kuwa haikufaa kunywa kahawa tumbo likiwa tupu. Lakini mezani pa Mturuki wa leo asubuhi utaikuta chai. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waturuki walikuwa wameipoteza Yemen, kahawa ikawa ghali, na kilimo cha chai kikastawishwa Rize, katika mwambao wa Bahari Nyeusi. Kahawa ikaondoka katika mlo, jina lake likabaki. Wao na sisi tunakutana pia katika rangi: wao husema "kahverengi", sisi husema kahawia.

Huko kaskazini mwa Ulaya kahawa ni kipimo cha kazi. Wafini, ambao kila mmoja wao kwa wastani hutumia zaidi ya kilo 10 za kahawa kwa mwaka, wameyaingiza mapumziko ya kahawa katika mikataba ya wafanyakazi. Waswidi wana "fika", neno lililozaliwa kwa kupindua silabi za "kaffi", nalo hutaja kinywaji, kitafunio na mazungumzo kwa pamoja. Ni katika mazingira ya namna hiyo ndipo "mapumziko ya kahawa" yalipopata maana yake, yakasambaa katika ratiba za mikutano ya kimataifa, yakafika hadi kwa mzee wetu aliyebaki ukumbini.

Neno mkahawa lastahili aya yake. Hapo mwanzo ilikuwa nyumba ya kahawa, kama zilivyokuwa zile zilizofunguliwa Istanbul katika miaka ya 1550, au zile za London katika karne ya 17, ambamo wafanyabiashara walikaa kusikiliza habari za meli. Soko la bima la Lloyd's lilianzia katika nyumba ya namna hiyo. Leo mkahawa, au mgahawa kama wengi wanavyotamka Tanzania, ni mahali pa kula wali, pilau au ugali, na mwenye nyumba aweza kukujibu bila haya kwamba kahawa hana. Wapo wasahihishaji wanaotaka turudi kwenye maana ya asili. Siwaungi mkono. Neno la Kihispania "cafetería" lilipoingia Marekani lilipatwa na mabadiliko hayo hayo, likawa ukumbi wa kujipakulia chakula, na hakuna aliyedhurika. Wateja wakishabadili matumizi ya jengo, kibao cha mlangoni hakirudishwi nyuma na kamusi.

Chai nayo imekwenda njia iliyo kinyume: kinywaji kimekuwa mlo. "Umekunywa chai?" ni swali juu ya tumbo, na anayejibu "Nimekunywa" huenda alikunywa uji. Chakula kinachoambatana nayo kimepata jina kutokana na nafasi yake: kitafunio. Mhogo huo huo ukiwa asubuhi kando ya kikombe ni kitafunio, ukiwa mchana pamoja na samaki ni chakula, na samaki ndiye kitoweo. Sijaona lugha ya Ulaya inayotenganisha hayo matatu kwa maneno ya kawaida ya jikoni, na kila mara mfasiri anapoandika "kitafunio" mahali pa vijipande vya kula njiani, mgawanyo huo hupungua nguvu. Ajabu ni kwamba sisi, wenye mashamba ya buni Kagera, Kilimanjaro na Mbeya, huuza nje sehemu kubwa sana ya kahawa yetu na kuuita mlo wa asubuhi kwa jina la chai, ilhali Waethiopia hunywa wenyewe takriban nusu ya mavuno yao. (Matumizi mengine ya neno chai, yale ya kaunta za ofisi, watumishi wa umma wanayajua, mwandishi wa kumbukumbu za mashauri awe mwangalifu asiyatafsiri kama kinywaji.)

Upo mtego mwingine, nao umewanasa waliobobea. Lugha kadhaa huuita mlo wa kwanza kwa kufungua au kuvunja kitu. Sisi twasema kifungua kinywa. Staftahi imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana hiyo hiyo ya kufungua. Waingereza wanavunja mfungo wa usiku. Waarabu wa nchi nyingi huuita mlo wa asubuhi "fatur". Neno hilo lilipofika kwetu lilikuwa futari, likafungwa katika mwezi wa Ramadhani na saa ya magharibi, pamoja na magimbi, viazi na mihogo ya nazi. Mtu akitafsiri kitabu cha afya kutoka Kiarabu na kuandika kwamba mgonjwa "ameze kidonge baada ya futari", amemsogeza mgonjwa kwa saa kumi na mbili.

Kifaransa ni kigumu zaidi, nacho kimetukaribia tangu Burundi na Rwanda zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. "Déjeuner" na "dîner" yametoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kuacha kufunga. Paris la kwanza ni chakula cha mchana na la pili ni cha jioni. Ubelgiji, ambayo ndiyo iliyozitawala nchi hizo tatu, la kwanza ni la asubuhi na la pili ni la mchana. Mfasiri anayepokea ratiba ya ujumbe aulize saa kabla hajaandika jina la mlo.

Juzi waandaaji wa mkutano niliousimulia waliniletea ratiba ya mkutano mwingine. Palipoandikwa mapumziko ya kahawa niliandika: "Saa 4:30: Chai na vitafunio." Waliirudisha na swali: wageni kutoka nje watajuaje kwamba safari hii kahawa itakuwapo? Nikaongeza neno moja: "Chai, kahawa na vitafunio."