Wingi wa Viti na Wingi wa Koo

Chama chenye wabunge watatu ndicho kilichotoa Waziri Kiongozi. Zanzibar, uchaguzi wa Juni 1961: Afro-Shirazi Party (ASP) viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) viti 10, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) viti 3, na Mohammed Shamte wa ZPPP akaongoza serikali kwa kuungana na ZNP. Uchaguzi wa Januari mwaka huohuo ulikuwa umewagawa wajumbe 11 kwa 11, na jimbo la Chake Chake ASP waliipata kwa kura moja tu. Ghasia za Juni ziliua watu 68. Julai 1963 hadithi ikajirudia kwa ukali zaidi: ASP asilimia 54 ya kura, viti 13 kati ya 31, muungano ukaondoka na 18. Kisheria hapakuwa na la kubishia. Ila walio wengi kwa kura walikuwa nje ya mlango.

Milimani Uluguru, huko Morogoro, wingi ulihesabiwa vingine. Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja. Ardhi ilikuwa ya koo, ukoo ukifuata upande wa mama, na hata jina la Kingalu, bwana wa mvua wa Kinole, lilirithiwa na wapwa. Mzee wa ukoo hakuwa na askari; ilimbidi akubaliane na wenzake. Sultani wa Waluguru wote aliwekwa na Mwingereza, na ndipo shida ilipoanzia. Mwaka 1950 ukaja mpango wa kuhifadhi udongo: kila kaya ichimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Udongo wenye rutuba huko ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi, unaufukia na kuuibua ule mkavu wa chini. Mahindi yakadumaa. Amri ilikuwa na baraka za Sultani, ila wenye mashamba hawakuulizwa. Julai 1955, Matombo, watu wakakataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Sultani huyo wa Waluguru na Shamte wote wawili walikuwa na haki ya karatasi. Lakini Uluguru hasira ziliangukia matuta, kitu ambacho serikali ingeweza kukiacha na bado ikabaki serikali. Unguja ziliiangukia serikali yenyewe: uhuru ulikuja 10 Desemba 1963, mapinduzi 12 Januari 1964.

Wazee wa koo nisiwapambe. Kesi ya shamba huko inaweza kurithiwa kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa bila kuamuliwa, na mgeni asiye na ukoo hana pa kusemea. Wizara haiendeshwi hivyo.

Hata hivyo, Zanzibar ilijaribu kitu cha karibu na kukubaliana huko kwa koo ilipopiga kura ya maoni ya 31 Julai 2010: chama cha pili kikapewa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha CUF akaishika. Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi yakafutwa, CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na kiti hicho kikakaa kitupu hadi Desemba 2020.