Jenereta Uani, Fundi Nguzoni

Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa Unguja na Sayyid Barghash mwaka 1883, huhesabiwa kuwa nyumba ya kwanza kisiwani humo kuangazwa kwa taa za umeme. Kwa miongo mingi baadaye mji ulijilisha nguvu hizo kwa mitambo yake wenyewe. Mwaka 1980 mambo yaligeuka: waya mkubwa ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa kupitisha megawati 45, na tangu hapo maisha ya Unguja yakategemea uzi mmoja.

Uzi huo ulishindwa mara mbili. Giza la kwanza liliingia tarehe 21 Mei 2008, likakaa takriban mwezi mmoja. La pili lilianza tarehe 10 Desemba 2009, likadumu karibu miezi mitatu. Pemba, ambayo watu wa mjini huidhania kuwa nyuma katika kila jambo, haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa bado ikitumia mitambo yake ya dizeli ya Wesha. Unguja pampu zilinyamaza, mifereji ikakauka, na ndoo zikarudi vichwani. Aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta.

Hapo ndipo jambo dogo la ufundi lilipogeuka kuwa jambo la jirani na jirani. Mwenye jenereta ndogo hana haja ya elimu kubwa: huiweka nje, akavuta waya mmoja hadi kwenye friji na mwingine hadi kwenye taa. Lakini binadamu akishapata taa moja hutaka nyumba nzima iwake, na njia rahisi kuliko zote ndiyo mbaya kuliko zote. Ni waya wenye plagi ya kiume kila ncha: ncha moja huchomekwa katika jenereta, ya pili katika tundu la ukutani. Nyumba huwaka, naam. Lakini ncha yoyote ikichomoka, njiti zake tupu zinaweza kuua mtoto apitaye.

Nyumba hiyo haikutengwa na njia kuu. Swichi kuu ikisahauliwa wazi, umeme hupita katika mita, ukatoka hadi nguzoni, ukafika kwenye transfoma. Chombo hicho hakijui kubagua: kama kinavyopunguza volti 11,000 kuwa 230 kwa ajili ya nyumba, ndivyo kinavyozipandisha 230 zikawa maelfu zikirudi kinyume. Fundi aliye juu ya nguzo, aliyeambiwa kuwa njia imekufa, huweza kuuawa na jenereta ya mtu asiyemjua, aliyekaa sebuleni akisikiliza redio. Na umeme wa mji ukirejea ghafla, mikondo miwili hugongana, jenereta ikaungua.

Dawa yake ni ya zamani na haina maajabu: swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova. Mkono wake ukielekezwa upande mmoja, nyumba hushika umeme wa mji. Ukielekezwa upande wa pili, hushika jenereta. Katikati haishiki kitu. Upande mmoja haushiki mpaka mwingine uwe umeachia. Ubora wake wote umo humo: usalama wa fundi hauachiwi kumbukumbu ya mtu aliyechoka, apapasaye ukuta gizani.

Swichi hiyo, hata hivyo, haizuii moshi. Mji Mkongwe hauna nyua pana. Vichochoro vyake ni vyembamba, na madirisha ya nyumba mbili hukaribia kupeana mikono. Jenereta iliyowekwa barazani hupeleka kwa jirani kelele kwanza, kisha hewa ya kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu, ambayo huua aliyelala. Jenereta yataka kuwekwa nje, mbali na kila dirisha, si la mwenyewe tu. Na katika vichochoro vile sharti hilo lilikuwa gumu kutimizwa kuliko la swichi.

Baada ya giza la pili serikali iliweka majenereta makubwa ya dizeli huko Mtoni, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa baharini, wa megawati 100, ukifuata njia ile ile ya Kiromoni na Fumba.