Wawi, Kisauni, Embakasi: Majina Yaliyo Chini ya Uwanja

Kila uwanja wa ndege umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa na jina lake. Uwanja hukua, mji huufuata, jina jipya hubandikwa langoni, na lile la awali husalia vinywani mwa wazee na makondakta wa daladala. Nataka kuyatazama majina hayo, nikianzia kwetu Pemba.

Mji wa Chake Chake umekaa kichwani mwa hori, na zamani mlango wake ulikuwa magharibi, majini. Majahazi yalingoja maji yajae ndipo yaingie kupakia karafuu, zao lililokipa kisiwa chetu nafasi ya kwanza baada ya dhoruba ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Lakini hori lile ni la maji machache; meli kubwa zikaelekea Mkoani. Chake Chake ikapata mlango mwingine upande wa mashariki, katika nchi kavu: uwanja wa ndege ulioko Wawi, kilomita chache kutoka mjini. Mji uliozoea kutazama maji ukajifunza kutazama juu.

Hapo ndipo lugha yetu ilipofanya kazi ninayoistaajabia. Chombo kilikuwa kigeni, ila maneno ya kukipokea tulikuwa nayo. Neno *ndege* lilikuwa la kiumbe mwenye mbawa, na pia la fali, iwe njema au mbaya. Likaongezewa maana ya tatu bila kuzipoteza mbili za mwanzo. *Kutua* ni kwa ndege mtini, kwa jua machweo na kwa mchukuzi anapoteremsha mzigo. *Abiria* alikuwa mtu wa chomboni, mwenye kuvuka maji. Na *rubani* ndiye aliyezijua njia za baharini, miamba na mikondo yake, akakiongoza chombo hadi bandarini. Nahodha alibaki baharini. Rubani akapanda mawinguni. Kwa hiyo Mpemba anayeshuka Wawi hushuka kwa msamiati wa pwani, ingawa miguu yake haikugusa maji.

Maneno, basi, yalisafiri salama. Majina ya mahali hayakubahatika hivyo.

Ng'ambo ya mkondo, Unguja, uwanja mkuu ulijulikana kwa muda mrefu kuwa ni wa Kisauni. Leo unaitwa Abeid Amani Karume, kwa heshima ya rais wa kwanza wa Zanzibar. Kando yake, Kisauni na Kiembesamaki zimegeuka kuwa viunga vya mji, nazo zimo katika Manispaa ya Magharibi B. Mgeni huweza kutua hapo, akapanda gari hadi Mji Mkongwe, asijue kwamba amepita mahali penye jina. Hata uwanja wetu wa Pemba umewahi kuitwa wa Karume. Wawi ikabaki kuwa jina la watu wa hapo, na la jimbo la uchaguzi.

Sipingi heshima kwa viongozi. Hoja yangu ni kwamba jina la mahali ni shahidi, na shahidi akiondolewa, kesi hubadilika. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Nairobi. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, nao ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau waliotumikishwa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1978 ulipewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye naye alikuwa amefungwa na wakoloni hao hao. Jina jipya lina haki yake. Lakini aliyesema "Embakasi" alitaja pahala, na pahala pana udongo, na udongo ule uliwahi kuchimbwa na watu wasiolipwa ujira wa haki. Jina la mtu mmoja, hata awe mkubwa vipi, halitoshi kuwabeba wote hao.

Nawaelekea sasa washairi, kwa kuwa ramani huchorwa upya na wenye mamlaka, ilhali shairi huhifadhiwa na wanaolipenda. Tungo za Kamange na Sarahani, magwiji wa Pemba, zimetufikia kwa sababu wako waliozihifadhi na kuziandika, hata zikatoka kitabuni mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Hakuna bango la serikali lililozilinda.

Basi tunapotunga juu ya safari, tusiridhike na "uwanja wa ndege" peke yake. Tuseme Wawi, tuseme Kisauni. Wawi ni silabi mbili tu, haitamsumbua yeyote katika mizani. Na atakayeisoma beti miaka hamsini ijayo atauliza Wawi ni wapi, na kwa swali hilo mahali patakuwa pamerudi.