Karantini na Hesabu ya Arobaini

Neno karantini, ambalo Waingereza wamelizoea hata likawa kama lao, asili yake ni hesabu tu, arobaini katika lugha zilizozaliwa na Kilatini. Na kabla halijashuka bandarini kuzuia maradhi, wanasheria wa Uingereza walikuwa wakiita kwa jina hilo haki ya mjane, aliyeruhusiwa na hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 kukaa siku arobaini katika nyumba ya marehemu mumewe mpaka akatiwe fungu lake. (Msomaji wa pwani asiichanganye na eda.)

Maana ya pili ililetwa na tauni, iliyoingia Messina kwa merikebu mwaka 1347 ikafyeka miji ya Ulaya. Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, ulikuwa mji wa tajiri na nahodha, usio na riziki ila bahari, na kuifunga bandari kungaliwaua watu wake kwa njaa kabla ya maradhi; kwa hiyo mwaka 1377 baraza lake liliamuru kwamba kila atokaye penye tauni asiingie mjini ila baada ya kukaa mwezi mmoja katika kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat. Mwezi, tazama, wala si arobaini! Siku kumi ziliongezwa baadaye, na ingawa matabibu walitaja vitabu vya Hippocrates, mimi naona kwamba mabaharia Wakristo waliikubali kwa wepesi hesabu waliyokwisha kuiheshimu katika saumu yao. Venezia nao walijenga mwaka 1423 hospitali ya wenye tauni katika kisiwa mbali na mji.

Mwaka 1663 Samuel Pepys, karani wa mambo ya manowari mjini London, aliandika katika shajara yake juu ya merikebu zilizoamriwa kufanya karantini ya siku thelathini, akaona wazi kwamba amri hailingani na jina.

Hata Unguja neno lilifika bila hesabu yake: katika kisiwa cha Changuu, ambako Lloyd Mathews, waziri wa Sultani, alijenga jela katika miaka ya 1890, mahali pakageuzwa kuwa karantini ya homa ya manjano, na abiria waliotiliwa shaka wakazuiliwa huko wiki moja au mbili, kisha wakaruhusiwa kuendelea na safari yao.