Kekee ya Zuwena (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Kopo la biskuti nililonunua kwa babu wa Darajani lilikuwa na riale tatu, vipini viwili vya pua na kekee moja ya fedha. Kekee niliiweka kwenye ukurasa wangu Jumatano. Alhamisi mkusanyaji mmoja wa Hamburg akalipa arubuni ya euro 150, salio atalimaliza akipata namba ya mzigo. Usiku huo huo, saa sita, ujumbe ukaingia kutoka namba ya Oman: "Usiiuze. Igeuze ndani, tazama karibu na pini."

SASA ENDELEA...

Mtoto alikuwa amelala, kwa hiyo sikuwasha taa ya chumba. Nilifungua droo taratibu, nikaitoa kekee kwenye mfuko wake wa kitambaa. Kikaratasi changu kilikuwa bado kimening'inia kwa uzi: gramu 112, upana sentimita nne na nusu, bei, na neno "IMEUZWA" nililoliandika kwa wino mwekundu nikiwa na furaha zangu.

Nikachomoa pini. Kekee ikafunguka vipande viwili kama kombe la chaza. Kwa nje fundi alikuwa amehangaika nayo: maua, vishada vya nukta, ukingo uliosokotwa kama kamba. Ndani hakupamba kitu, na fedha yote ilikuwa imepiga weusi. Nikaweka lenzi ya sonara jichoni, nikaulaza mwanga wa simu ubavuni. Ukimulika kitu kwa mbele huoni alama. Ukimulika kwa ubavu, kila mkwaruzo unatupa kivuli chake.

Palikuwa na mikwaruzo. Niliiona tangu siku ya kwanza nikaidharau. Hata kwenye maelezo ya bidhaa niliandika hivyo: "Ina mikwaruzo midogo kwa ndani, haionekani ikivaliwa." Sasa kwa mwanga ule nikaona kwamba mikwaruzo ile ina mpangilio. Ilikuwa maandishi ya Kiarabu, madogo kama mchele, yamejaa weusi.

Mkono ulinituma kuchukua kitambaa nikasugue. Nikauzuia, kwa sababu kosa hilo nilishalifanya. Mwaka wangu wa kwanza wa biashara hii niliisugua riale kwa magadi na ndimu mpaka ikang'aa kama kijiko kipya, nikaipiga picha kwa fahari. Mteja wa Nairobi aliyekuwa ameahidi kuichukua akajibu neno moja tu: "Umeiua." Nililia siku ile, lakini alinifundisha. Weusi ule ndio umri wa kitu. Ukishauondoa haurudi, na mkononi unabaki na madini ya kupima kwa gramu.

Sikulala. Nilikaa na kekee mapajani nikiwaza habari ya ushahidi, maana biashara ya vitu vya kale yote ni hiyo. Riale zile tatu, kwa mfano, kila moja imeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, mtawala wa Austria mwenye sura yake juu ya sarafu. Lakini wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliipenda sarafu ile hata wakawa hawataki nyingine, basi viwanda vikaendelea kuipiga kwa tarehe ile ile: Vienna, na karne iliyopita hata London na Bombay. Riale yenye 1780 yaweza kuwa rika la baba yangu. Anayeweka picha yake na kuandika "sarafu ya miaka 240" bila kuichunguza, ama hajui anachouza, ama anajua na anakudanganya. Mimi sitaki kuwa mmoja wao. Na kama tarehe iliyopigwa kiwandani yaweza kusema uongo, je, ujumbe wa usiku wa manane kutoka kwa mtu nisiyemjua?

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa sonara wangu, Mkunazini, kabla hajamaliza kufagia kibaraza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua leo."

Hakuuliza kitu. Aliipokea kekee kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mizani, akatazama namba, akatikisa kichwa kama mtu aliyesalimiwa na rafiki wa zamani. Kisha akausugua ukingo wake kidogo tu kwenye jiwe jeusi, akadondosha tindikali, akangoja rangi igeuke.

"Si 925 hii," alisema. "Fedha ya riale. Riale moja ina uzito gani?"

"Gramu 28."

"Nne?"

"112."

Tukatazamana. Niliipima kekee ile mara tatu nyumbani na hesabu hiyo haikunijia kichwani.

"Mtu alileta riale nne," sonara akasema, "akasema nifanyieni kekee. Ndivyo walivyokuwa wakifanya. Leta lenzi."

Alisoma polepole, mdomo ukicheza bila sauti. Kisha akalitamka. "Zuwena. Na chini yake 1371. Hiyo ni Hijria, kwa tarehe za Kizungu ni 1951 au 1952. Mtoto kazaliwa, baba kamwekea cha kuvaa siku yake ya harusi." Akanyamaza, akakaza jicho. "Hapa pembeni pana nukta mbili. Sijui za nini. Lakini ningekuwa mimi natengeneza jozi, ya kwanza ningeitia nukta moja."

"Kwa hiyo iko nyingine?"

"Ilikuwapo." Alinirudishia. "Lakini jina halithibitishi mwenyewe, mwanangu. Zuwena wako wengi."

Maneno hayo nilitoka nayo. Kila wiki napata mtu anayeniandikia kwamba mkufu fulani ni wa bibi yake, umepotea, nimrudishie. Wengine wanasema kweli na roho inaniuma. Wengine wanataka kitu cha bure. Dawa yangu ni moja: simwambii mtu ninachokijua. Namwacha aseme yeye kwanza.

Nilipanda juu ya paa, mahali ninapopigia picha zangu asubuhi, nikaipigia ile namba ya Oman kwa video.

Aliyepokea alikuwa bibi mtu mzima, amejitanda mtandio wa rangi ya kahawia, nyuma yake ukuta mweupe usio na picha. Alipofungua mdomo nikasikia Kiunguja cha watu wa zamani, kile ambacho siku hizi nakisikia kwa wazee wachache tu mjini.

"Umeitazama ndani?"

"Nimetazama, bibi. Lakini wewe ndiye utakayeniambia kilichomo."

Hakukasirika. Aliinua mkono wake wa kulia karibu na kamera, na moyo wangu ukapiga kwa nguvu. Maua yale yale. Vishada vile vile vya nukta. Ukingo ule ule wa kamba. Akachomoa pini kwa kidole kimoja, kwa wepesi wa mtu aliyeifungua maelfu ya mara, akaugeuza upande wa ndani.

"Zuwena," alisema. "Elfu moja mia tatu na sabini na moja. Hii yangu ina nukta moja. Hiyo yako ina mbili."

Nguvu ziliniishia miguuni, nikakaa chini kwenye sakafu ya paa. Nukta sikuzitaja popote. Kwenye picha nilizoweka, upande wa ndani haukuwapo kabisa.

"Mimi ndiye Zuwena," akaendelea. "Tuliondoka Januari 1964, zimebaki siku chache Ramadhani iingie. Hii moja nilikuwa nimeivaa. Ya pili ilibaki nyumbani, na kaka yangu alibaki." Akavuta pumzi. "Huyo aliyekuuzia, mkono wake wa kushoto una gumba?"

Sikujibu papo hapo. Nilikuwa naikumbuka siku ile Darajani: mkono wa babu juu ya kifuniko cha kopo, vidole vinne, na pale pa gumba ngozi iliyofunga zamani.

"Hana," nikasema.

Yule bibi akafunika uso kwa mtandio. Nami nikaanza kukumbuka mengine, yale niliyoyaona siku ile nikayachukulia kama maneno ya uzee. Babu hakuvutana bei. Nilimtajia shilingi laki tatu kwa kopo zima nikitegemea atapandisha, akakubali bila hata kuzihesabu vizuri. Kitu kimoja tu alikikazania, na alikisema mara mbili: "Itie kwenye simu, mwanangu. Watu wa ng'ambo waione."

Kwangu mimi yalikwisha kueleweka. Mzee hakuwa anauza, alikuwa anamtafuta dada yake. Nilimwandikia mtu wa Hamburg kwamba naomba siku mbili, kuna jambo la kuthibitisha, na akitaka arubuni yake nitairudisha yote. Fedha hiyo ilikuwa ada ya mtoto, lakini huwezi kupeleka kitu posta wakati mwenyewe anakitazama akilia. Nikamwambia bibi, "Usikate simu. Nakwenda kumtafuta sasa hivi."

Darajani hakuwapo. Muuza viungo akanielekeza Jaws Corner, kwenye kahawa. Nilipita vichochoro mbio mbio, simu mkononi, bibi ndani ya simu akizitazama kuta za mji wake zikipita, akinong'ona, "Hapa tulikuwa tunacheza... hapa palikuwa na mkunazi..." Nami nilikuwa nalia na kucheka pamoja.

Babu alikuwa barazani peke yake, kikombe cha kahawa kimetua pembeni yake, bado kinafuka moshi.

"Babu, shikamoo! Ile kekee... watu wa ng'ambo wameiona."

Aligeuka taratibu. Sikuona furaha usoni pake. Niliona utulivu, kama wa mtu aliyengoja kwa muda mrefu na sasa imefika zamu yake.

"Nani ameiona?"

Nikampa simu. Alifuta miwani kwa pindo la kanzu, akaiweka, akatazama. Bibi naye akatazama. Kwa kitambo kirefu hakuna aliyesema neno, na mtoto mmoja akapita katikati yetu akisukuma tairi.

"Kaka," sauti ikatoka simuni, imekatika. "Ni mimi. Zuwena."

Babu hakujibu. Aliinamisha macho kwenye ule mkono wenye kekee, akaitazama kekee kuliko alivyoutazama uso. Kisha akanirudishia simu, akasema kwa sauti ya chini, kama anayenipa siri ya mtu mwingine:

"Mwanangu, Zuwena nilimzika kwa mikono yangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Babu?"

"Nilimzika. Alikuwa na kekee mkono mmoja tu, ndiyo hii niliyokuuzia. Ya pili ilikuwa imeshachukuliwa." Akainua kikombe, mkono hautetemeki hata kidogo. "Nilipokwambia watu wa ng'ambo waione, sikuwa namtafuta dada yangu. Nilikuwa namtafuta aliye nayo ile nyingine."

Hapo ndipo nilipotanabahi kwamba simu bado iko wazi. Nikaitazama. Yule bibi alikuwa amesikia kila neno, na machozi yamemkauka. Aliichomoa pini ya kekee, akaivua, akaiweka mezani mbele yake kwa uangalifu. Kisha akasogeza uso karibu na kamera mpaka nikawa namwona macho tu.

"Amekwambia nusu," alisema. "Sasa muulize gumba lake lilikatwa wapi, na nani alilikata."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO