Visiwa vinavyoelea vya ziwa Kisale na kazi ya mikono ya watu wake

LIKASI – Samaki wa kukauka wanaouzwa sokoni Likasi, wengi wanatoka mbali. Gari la moshi linawaleta kutoka Bukama, mji uliofikiwa na reli mwaka 1918. Msafiri akishuka Bukama na kupanda mtumbwi, mto Lualaba unamfikisha ziwa Kisale, upande wa Kikondja, katika jimbo la Haut-Lomami. Huko kuna visiwa vinavyoelea.

Si visiwa vya mawe. Ni mafunjo na matete yaliyosukana mizizi, yakashika udongo na majani yaliyooza, mpaka mtu anaweza kusimama juu yake. Maji yakijaa au upepo ukipiga, kipande kinakatika na kusafiri. Wavuvi wanajenga vibanda humo, wanakausha samaki, wanalea watoto. Asubuhi, moshi unapanda kutoka katikati ya maji, na ndege wanaruka pande zote. Mgeni anaona uzuri, lakini mwenye kibanda anajua kwamba nyumba yake haitadumu.

Kilichodumu kiko ufukweni. Kwenye Sanga, kando ya ziwa, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya zamani miaka ya 1957 na 1958. Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo miaka ya 1970. Walikuta marehemu wamezikwa pamoja na vyungu vya umbo zuri, bangili na mikufu ya shaba, na vyombo vya chuma. Watoto nao walizikwa kwa heshima, wakiwekewa vyungu vidogo. Mengi ya makaburi hayo ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Wafinyanzi na wahunzi walikuwa wanaishi hapo miaka elfu iliyopita.

Kando ya ziwa hakuna machimbo ya shaba. Shaba ilitoka kusini, kwenye ukanda uleule ambamo mji wa Likasi ulijengwa. Katika makaburi ya baadaye kulikutwa misalaba midogo ya shaba, iliyotumika kama feza. Kwa hiyo watu wa ziwa na nchi ya shaba walifanya biashara karne nyingi kabla ya reli na kabla ya Union Minière.

Waluba waliendelea kuhifadhi historia kwa mikono. Wazee wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao wa mti wenye shanga na makombe. Mzee alipitisha kidole juu yake huku akisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu.

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji kule Élisabethville, leo Lubumbashi. Watu waliiita Hangar. Mmoja wa wachoraji wake alikuwa Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, mtoto wa mvuvi. Alichora samaki, ndege na nyoka, na picha zake zilifika Ulaya.

Halafu vita ikaingia. Mwishoni mwa 2005, jeshi lilipopigana na Mai-Mai katikati ya Katanga, vijiji vingi vilichomwa na watu wakakimbia. Familia nyingi zilikimbilia ziwa Upemba, jirani ya Kisale, na nyingine zikaishi juu ya visiwa vinavyoelea, bila maji safi wala dawa. Mahali ambapo wavuvi walipiga kambi pakawa kimbilio.

Waliokimbia hivyo hawakubeba chungu wala mkeka. Wengi walifika mijini mikono mitupu, na watoto waliozaliwa huku wanalijua ziwa kwa harufu ya samaki wa sokoni tu. Ni rahisi mtoto kama huyo kuambiwa kwamba kwao ni porini, hakuna historia.

Makaburi ya Sanga yanajibu kwamba ipo. Watu ambao nyumba zao zilichukuliwa na maji waliacha ushuhuda ardhini, na ungali unasomeka. Mama anayejua kufinyanga chungu na baba anayejua kufuma wavu bado wanao ujuzi wa kule. Mtoto akikaa karibu nao na kuuliza jina la kila chombo, kuna kitu cha ziwa ambacho vita haikukichoma.