Walimu wa dansi ya wawili wawili kwenye chuo kikuu cha Provo

Brigham Young University, BYU kwa kifupi, iko Provo, jimbo la Utah, Marekani. Ni chuo kikuu cha kanisa la Wamormoni, na dansi yake inajulikana mbali.

Dansi yenyewe ni ile ambamo mwanaume na mwanamke wanashikana na kufuata hatua zilizopangwa. Upande mmoja kuko valsi, tango na foksitroti; upande mwingine samba, rumba na cha-cha. Cha-cha tunaijua tangu «Indépendance Cha Cha» ya Grand Kallé, 1960. Lakini rumba yao si rumba yetu: hatua zake zilipangwa London na mwalimu Pierre Zurcher-Margolle, aliyeenda Kuba mwaka 1947 kuzitafuta.

Nani anafundisha Provo? Kati ya walimu wa zamani kuko Emerson Lyman. Nyuma yake Lee Wakefield na bibi yake Linda walifanya kazi miaka mingi, kisha Curt na Sharon Holman. Mara nyingi kikundi chao kilishinda Blackpool, Uingereza, katika dansi ya kikundi: jozi nane, watu 16, wote wanageuka pamoja.

Ugumu wa kazi yao uko hapa: kila mwaka wanafunzi wengine wanamaliza masomo, wanaenda zao. Kombe linabaki, wenye kulishinda hawako tena. Mwalimu anapokea wapya na kuanza nao hatua ya kwanza. Juu ya hiyo, kwa kikundi cha shule, mwalimu ndiye anayebeba kumbukumbu.